Kuhamishia kesi ya madai mahakama ya shirikisho Marekani

Kwa sheria za mwenendo wa madai za Kenya na Tanzania, anayetaka kesi yake ihamishwe mahakama nyingine hupeleka maombi, kisha akasubiri jaji aamue. Marekani mdaiwa anayetaka kesi itoke mahakama ya jimbo kwenda ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, haombi. Anapeleka notisi mahakama ya shirikisho, anampa nakala mdai, na nyingine anaiwasilisha mahakama ya jimbo. Hapo hapo mahakama ya jimbo inasimama. Haina ruhusa ya kuendelea na kesi ile mpaka irudishwe, kama itarudishwa.

Haki hii ni ya mdaiwa peke yake. Mdai ndiye aliyechagua uwanja, kwa hiyo hawezi kugeuka baadaye akauhama, hata kama naye ameletewa madai kinyume.

Kesi huwa na njia mbili kuu za kuhama. Ya kwanza ni pale madai yenyewe yanaposimama juu ya sheria ya shirikisho, mathalani ubaguzi kazini. Yawe ndani ya hati ya madai. Utetezi wa mdaiwa hata ukitaja Katiba hautoshi. Ya pili ni tofauti ya uraia wa majimbo, yaani mdai na mdaiwa wawe raia wa majimbo tofauti, na hapa ndipo mawakili wanapochezeana rafu.

Chukua mkazi wa Houston aliyegongwa na lori la kampuni iliyosajiliwa Delaware, makao yake makuu Arkansas. Anadai dola 200,000 katika mahakama ya jimbo la Texas. Kampuni ni raia wa Delaware na Arkansas, mdai ni wa Texas, na kiasi kimezidi kiwango kinachotakiwa cha dola 75,000: kesi inahamika. Sasa wakili wa mdai akimwongeza dereva wa lori kama mdaiwa, naye dereva ni wa Texas, tofauti ya uraia imekufa na mlango umefungwa. Kampuni italalamika kuwa dereva kachomekwa tu, ila mzigo wa kuthibitisha hivyo ni wake. Tena mdaiwa akishtakiwa katika jimbo lake mwenyewe, njia hii ya pili kwa kawaida haimfai, kwani ilibuniwa mwaka 1789 kwa hofu kwamba mgeni ataonewa na mahakama za wenyeji. Mwenyeji wa kumuonea ni nani?

Kwa ndugu zetu walioko huko kuna jambo la kuangalia. Mkenya mwenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) anayeishi Texas, akishtakiana na raia wa Texas, hawezi kutegemea ugeni wake kama tofauti ya uraia.

Muda ni mfupi: siku 30 tangu kukabidhiwa rasmi hati za kesi. Wadaiwa wakiwa wengi, wote waliokwisha kukabidhiwa lazima wakubali. Kwa njia ya tofauti ya uraia, mwaka ukipita tangu kesi ifunguliwe mlango kwa kawaida umefungwa, isipokuwa mdai alifanya hila kuzuia uhamisho.

Wadaiwa wanakimbilia huko kwa nini? Texas majaji wa jimbo huchaguliwa kwa kura, ilhali wa shirikisho huteuliwa na kukaa maisha. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi (jury), nalo hukusanywa kutoka eneo pana zaidi, si kaunti moja tu. Makampuni huona afueni hapo.

Mdai naye hakai kimya. Kama kasoro ni ya utaratibu, ana siku 30 za kuomba kesi irudishwe. Kama mahakama ya shirikisho haina mamlaka kabisa, hoja hiyo haipitwi na wakati. Amri ya kuirudisha kwa kawaida haikatiwi rufaa. Na tangu Januari 2025 mdai amepata silaha mpya: Mahakama ya Juu iliamua kwamba mdai akirekebisha hati yake na kufuta madai yote ya sheria ya shirikisho, yakabaki ya jimbo tu bila tofauti ya uraia, kesi inarudi ilikotoka, hata kama ilihamishwa kihalali.