Tundu Dogo kwenye Paa la Vinili: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wateja wanaoniletea magari ya paa la kukunjwa huanza kwa sentensi ileile: "Tundu lilikuwa dogo tu, nikaliziba kwa tone la supaglu, lakini limerudi." Halikurudi. Lililokuwa tundu lisilozidi kichwa cha kiberiti sasa ni mpasuko wa nusu duara, na uliousababisha si uchakavu wa paa bali ni lile tone lenyewe.

Supaglu ni gundi nzuri kwa kazi yake, yaani kuunganisha vipande vigumu ambavyo havitapinda tena. Vinili ya paa ni kitu cha namna nyingine kabisa: ni tabaka la plastiki ya PVC iliyotiwa viambato vya kuilainisha, likashikizwa juu ya kitambaa cha pamba au poliesta ili likunjwe na kukunjuliwa kwa miaka bila kukatika. Tone la supaglu halikai pale lilipodondoshwa. Hunyonywa na nyuzi za kitambaa, husambaa kuzunguka tundu, kisha hukauka na kuacha duara gumu kubwa kuliko tundu lenyewe. (Juu ya pamba hukauka kwa kasi inayotoa joto na wakati mwingine hata moshi, wateja hunisimulia moshi huo kama kichekesho, ilhali ulitosha kuwaonya.) Paa likikunjwa, vinili hupinda na duara halipindi, hivyo mkazo wote huangukia kwenye mpaka kati ya ugumu na ulaini, na ni hapo vinili inapokatika. Kuiondoa supaglu nako hakuwezekani bila hasara, kwa sababu asetoni inayoyeyusha supaglu huiharibu vinili pia. Hulazimika mtu kukata sehemu yote iliyokakamaa na kuziba pengo kubwa mara kadhaa kuliko tundu la mwanzo.

Ukweli ni kwamba tundu la paa huzibwa kutoka chini, kwa kiraka kinachopinda pamoja na paa na kwa gundi maalumu ya vinili, ambayo hubaki laini hata baada ya kukauka. Paa liwe limefungwa lakini lachi zake, yaani vifungo vinavyolibana mbele, zilegezwe, ili kingo za tundu zikutane zenyewe bila kuvutwa. Safisha pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana, na uache pakauke. Nyuzi zilizochomoza zikatwe kwa mkasi, zisivutwe kamwe, maana ukivuta uzi mmoja unafumua kitambaa kilichokuwa kizima. Kiraka kizidi tundu kwa takriban sentimita 2 kila upande, na pembe zake zikatwe ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndizo huanza kubanduka. Mimi hushikilia jambo moja ambalo mafundi wengine hulipuuza: kiraka kiwe chembamba kuliko paa, la sivyo utakuwa umerudisha ule ugumu tuliokuwa tukiukimbia. Baada ya kubandika, weka ubao bapa chini na uzito kiasi juu, ukitenganisha kwa karatasi isiyoshika gundi, na uache kwa saa 24. Ndipo shimo linalobaki upande wa juu hujazwa vinili ya majimaji, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, kwa sababu tabaka nene hufungia kiyeyushi ndani na kusinyaa baadaye. Paa likae siku mbili zaidi bila kukunjwa. Wapo wasioweza kuvumilia siku hizo mbili, na hao hurudi.

Husemwa pia kwamba pasipofikika kutoka chini, kwa sababu ya kitambaa cha dari ya ndani, hakuna la kufanya ila kupaka juu. Si kweli kwa tundu dogo: kiraka laini hukunjwa, kikapitishwa ndani ya tundu lenyewe kwa kibano, kikakunjuliwa upande wa pili na kuvutwa juu kikutane na gundi.

Silikoni ya kuzibia madirisha nayo husifiwa kwamba inapinda. Inapinda kweli, ila haishiki vizuri kwenye vinili laini, na ikishabanduka huacha mabaki ambayo hakuna gundi nyingine itakayoyashika. Kwa sababu hiyohiyo, usipake king'arishaji chenye silikoni kabla ya ukarabati.

Kushona tundu ni kuongeza matundu. Kila pito la sindano hutoboa PVC, na mstari wa mishono karibukaribu huchanika kama karatasi ya stempu.

Kuchoma kingo kwa kibiriti au pasi ili ziungane hakuungi kitu. PVC ikipata moto kupita kiasi huungua na kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayowasha macho na koo, na kitambaa cha chini hubaki kimekakamaa.

Wenye paa la kitambaa wasifuate maelezo haya. Paa lao kwa kawaida lina mpira katikati ya matabaka mawili ya kitambaa, na gundi ya vinili haikutengenezwa kwa ajili yake.

Imebaki dhana kwamba tundu liko juu ya mahali maji yanapodondokea. Maji hufuata nyuzi za kitambaa na mabomba ya fremu, yakadondoka mbali na yalipoingilia, kwa hiyo watu huziba palipo pazima. Kama gari halina dari ya ndani, keti ndani mchana paa likiwa limefungwa na utafute nuru inayopenya. Ukiona matundu yamejipanga juu ya upinde mmoja wa fremu, kagua kwanza mikanda ya elastiki inayovuta paa lisibanwe wakati wa kukunjwa: ikiwa imelegea, ibadilishwe kabla ya kiraka kubandikwa, kwani fremu itatoboa kiraka mahali palepale.