Kikaratasi cha Dawa Hakitaji Kila Kazi ya Dawa

"Daktari, mmenipa dawa ya vichaa." Kauli hiyo nimeisikia kwenye dirisha la kutolea dawa mara nyingi kiasi kwamba nikimwona mtu anakuja na boksi lililofunguliwa na kikaratasi kimekunjuliwa, ninajua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Wa mwisho alikuwa mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye nyayo zake huwaka usiku hadi hulala amezitoa nje ya chandarua. Aliandikiwa amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja kila usiku. Mwanawe akamsomea kikaratasi, wakakutana na neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, na siku ya tatu mama akaacha dawa.

Dhana yenyewe ni kwamba ugonjwa usipotajwa kwenye kikaratasi, basi mgonjwa amepewa dawa isiyo yake. Ukweli ni kwamba kikaratasi hutaja matumizi ambayo mtengenezaji aliyaombea kibali na kuyatolea ushahidi mbele ya mamlaka, iwe TMDA hapa kwetu au FDA kule Marekani. Amitriptilini ilipata kibali Marekani mwaka 1961 kwa ajili ya sonona, na lebo yake huko haijawahi kuongezewa maumivu ya neva, kama ya nyayo za yule mama, ilhali Uingereza yametajwa. Kidonge ni kilekile. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ilikwisha zamani na bei yake ni ndogo, kwa hiyo hakuna kampuni inayoona faida ya kugharamia majaribio mapya ili kuongeza mstari mmoja kwenye lebo. Dawa hii huongeza serotonini na noradrenalini, kemikali za mfumo wa neva ambazo hupunguza ishara za maumivu zinazopita kwenye uti wa mgongo, na kwa kazi hiyo dozi huanzia miligramu 10 au 25, wakati sonona mara nyingi huhitaji 75 na kuendelea. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Siku tatu humpa mtu kinywa kikavu na usingizi tu, kisha anatangaza kuwa dawa haifai.

Sisi wa kando ya ziwa tuna mfano ulio karibu zaidi. Vidonge vya prazikwanteli vya miligramu 600, ambavyo watoto wetu hupewa shuleni kwa ajili ya kichocho, kwa muda mrefu vilikuwa na kibali kwa walio na umri wa miaka 4 na kuendelea, ingawa mtoto wa miaka miwili anayeogeshwa ziwani huambukizwa vilevile. Wadogo hao waliotibiwa walipewa vidonge vilivyopondwa. Desemba 2023 ndipo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipotoa maoni ya kuikubali dawa ya kichocho ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Kichocho hakikuisubiri karatasi.

Wapo wanaodai kwamba daktari anayeandika dawa kwa kazi isiyotajwa kwenye kikaratasi anavunja sheria. Huko Marekani, FDA husimamia dawa na matangazo yake, si kalamu ya daktari. Anayekatazwa kuyanadi matumizi yasiyo na kibali ni mtengenezaji. Mwaka 2004 Warner-Lambert, iliyokuwa tayari chini ya Pfizer, ilikubali kulipa dola milioni 430 kwa kosa hilo kuhusu gabapentini, dawa ya kifafa.

Wengine hugeuza hoja wakasema kwamba, kama ni hivyo, nao wanaweza kujichagulia. Hao ndio wanaoniomba siproheptadini, dawa ya mzio, na deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ili wanenepe. Hapana. Daktari amepima faida na madhara kwa mgonjwa aliye mbele yake, lakini shoga yako aliyekutajia dawa hajapima hata presha.

Ushauri wangu, ambao wenzangu kazini wamechoka kuusikia, ni kumwomba daktari aandike kwenye cheti dawa ni ya nini. Kwenye boksi la yule mama niliandika kwa kalamu "ya miguu kuwaka, usiku", nikamuuliza kama ana tatizo lolote la moyo, naye akaniuliza kama anaweza kuinywa baada ya kula ugali. Anaweza.