Hoteli Haijakuibia, Imekuuzia Kitanda

Wiki haiishi bila mtu kupanda ngazi za ofisi yetu ya uwakala wa safari hapa Mtaa wa Aggrey na kutua begi mezani kwa kishindo. "Dada, ile hoteli uliyoniwekea Dubai ni wezi. Wamenikata dirham mia tatu hata chumba sijakiona, taulo moja, chai hakuna." Naitoa vocha kwenye faili, ile karatasi ya hoteli inayoonyesha alicholipia, tunaisoma wote. Chumba pekee bila kifungua kinywa: imo. Dhamana ya kurudishwa: imo. Ada ya utalii, unalipa ukifika: imo. Mteja ananyamaza, lakini moyoni bado anaamini ameibiwa, na jioni atawaambia wenzake wa dukani kwamba hoteli za bei nafuu za nje ni utapeli mtupu. Wenzake wakisafiri wanakuja kulipia hoteli ya bei mara mbili kwa woga. Hapo ndipo roho inaniuma, maana ile ni hela ya mzigo.

Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai, Guangzhou na Istanbul, na familia zinazopeleka mgonjwa India. Karibu wote wananiambia sentensi moja: "Niwekee ya bei ya chini, mimi nalala tu." Ombi zuri kabisa. Shida ni kwamba wanaondoka na kipimo cha gesti za nyumbani. Ukilala gesti Sinza au Manzese unalipa mara moja, taslimu, unapewa ufunguo, na chumbani unakuta taulo, kipande cha sabuni, kandambili chini ya kitanda, pengine na chupa ya maji. Hakuna anayekuomba dhamana. Kwetu hata chumba cha bei ya chini kabisa kinakuja na ukarimu kidogo, na tumezoea hivyo.

Hoteli za bei nafuu za nje zilizaliwa kwa wazo jingine: ondoa kila kisicho kitanda, bei ishuke. Motel 6 ya Marekani ilianza 1962 huko Santa Barbara, na hiyo 6 kwenye jina ni dola sita, bei ya usiku mmoja wakati huo. Osaka, Japani, mwaka 1979 walifungua hoteli ya vijumba vya kulala vya kutosha mwili mmoja, bafu la pamoja. Ufaransa miaka ya 1980 wakaja na hoteli ambazo choo na bafu viko koridoni, vinajisafisha kwa mashine, na mapokezi yakifungwa unaingia kwa kadi yako ya benki. Watu wazima wenye kazi zao wanalala humo na hawaoni aibu. Wanajua wamenunua nini.

Kwa hiyo ukiingia chumba cha Deira, kule Dubai, ukakuta kitanda kimegusa ukuta pande mbili, hakuna dirisha, birika moja na pakiti mbili za kahawa, kijisanduku cha ukutani ambacho usipokichomeka kadi ya mlango taa wala kiyoyozi haviwaki, hicho ndicho chumba ulicholipia. Kandambili funga zako. Mswaki funga wako. Shanghai, kwa mfano, tangu 2019 hoteli hazikuwekei mswaki wala kitana chumbani mpaka uombe, ni utaratibu wa jiji wa kupunguza taka. Dirisha ukilitaka, sema wakati wa kuweka nafasi, kwa sababu mara nyingi chumba chenye dirisha kina bei yake. Hayo nayapitia haraka kwa sababu hayamfilisi mtu.

Kinachowafilisi watu ni dhamana, na hapa naomba usome polepole.

Dhamana ni pesa ambayo hoteli inaishika ili ukivunja kitu, ukivuta sigara chumbani au ukiondoka bila kulipa, wasikufukuze hadi uwanja wa ndege. Inashikwa kwa njia tatu, na kila njia inakugusa mfukoni tofauti. Njia ya kwanza ni taslimu. Unatoa dirham mia mbili, unapewa risiti, unairudisha risiti siku ya kuondoka, unapewa noti zako. Safi. Njia ya pili ni kuzuia pesa kwenye kadi. Hoteli haijachukua chochote. Imeiambia benki yako ifungie kiasi fulani. Lakini simu yako inaita, ujumbe wa benki unasema muamala umefanyika, salio limepungua, na wewe unaona umekatwa. Ukiondoka hoteli inaachia. Kazi inayobaki ni ya benki yako, na pesa inaweza kukaa imefungwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa, wakati hoteli imekwisha kukusahau. Unapiga simu Dubai kufoka, na yule kijana wa mapokezi hana cha kukurudishia, maana hakuchukua. Nenda tawini kwenu na namba ya muamala, omba waiachie. Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: hoteli inakata kweli, kama umenunua kitu, halafu ukiondoka inakurejeshea. Akaunti yako ni ya shilingi, hoteli ni ya dirham. Ilipotoka ilibadilishwa kwa bei moja, inaporudi inabadilishwa kwa bei nyingine, na ile tofauti haikupendelei wewe. Hoteli ikirejesha dirham mia tatu kamili, wewe bado utaona shilingi zimepungua. Hakuna aliyeiba. Ndivyo kubadilisha fedha kulivyo.

Sasa fikiria mfanyabiashara aliyeweka dola za mzigo kwenye kadi hiyohiyo anayoitoa mapokezini. Dirham ina kiwango cha kudumu kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo dirham mia tatu ni kama dola 82. Ukiambiwa dhamana ni kwa kila usiku na unalala usiku tano, zaidi ya dola mia nne zimefungwa katika siku zilezile unazotakiwa kulipia nguo. Nimeshuhudia watu wakishindwa kukamilisha malipo ya mzigo Naif, hukohuko Dubai, kwa sababu hiyo, na lawama zote zikamwangukia mwenye hoteli. Ushauri wangu haubadiliki: uliza kabla ya kuondoka Dar dhamana ni kiasi gani, ni kwa usiku au kwa safari nzima, na kama wanapokea taslimu. Wakipokea taslimu, toa taslimu. Wakitaka kadi, wape kadi ambayo si ya mzigo. Na zile kadi za mtandaoni zilizo ndani ya simu, ambazo mnazipenda kwa sababu ni rahisi kuweka pesa, zinafaa kuweka nafasi, lakini mapokezi mengi yanataka kadi ya kushika mkononi. Nimesema hili mpaka sauti inakauka.

Ada na kodi zinafuata, nazo si siri. Dubai ina ada ya utalii kwa kila chumba kwa kila usiku tangu 2014: inaanzia dirham 7 kwa hoteli za chini kabisa, inapanda hadi 20 kwa nyota tano. Kwa kuwa ni kwa chumba, mkilala wawili mnagawana. Paris na Rome wanahesabu vichwa, kila mtu kwa kila usiku, kwa hiyo watu wazima wanne wanalipa mara nne. Amsterdam wanachukua asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024. Bei unayoiona kwa herufi kubwa kwenye simu wakati mwingine haina hizi ndani. Shuka chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo, ndipo zilipo.

Kuna jambo jingine linalonipandisha presha kila mara, nalo ni tarehe. Ndege inatua saa kumi alfajiri tarehe 12. Mteja anataka chumba kuanzia tarehe 12, na mimi nikimwambia alipie tarehe 11 ananiona nataka kumuongezea usiku ili nipate kamisheni. Chumba cha tarehe 12 kinafunguliwa saa nane mchana, kwenye karatasi zao 14:00. Ule usiku wa kuamkia tarehe 12, kwao ni usiku wa tarehe 11. Ukifika hotelini saa kumi na mbili asubuhi na nafasi ya tarehe 12, utakaa kwenye viti vya mapokezi na mabegi yako, au utatozwa kuingia mapema. Kwa kijana mwenye nguvu namwambia aache begi mapokezini, hoteli nyingi hupokea bila malipo, aende zake sokoni. Kwa mama mwenye mtoto, au kwa mgonjwa anayekwenda Chennai kuonana na daktari, nasisitiza tulipie usiku wa kabla. Na ukishalipia tarehe 11 huku unafika baada ya saa sita usiku, lazima hoteli iandikiwe ujumbe. Wasipojua, wanaandika kwamba mgeni hakutokea, na nafasi yote inaweza kufutwa, hata siku zilizobaki.

Guangzhou ina lake. Sheria ya China inataka kila mgeni wa nje aandikishwe polisi, na hoteli ndiyo inayofanya kazi hiyo kwa kuchukua pasi yako ya kusafiria. Kwa miaka mingi hoteli ndogo zilikuwa zinakataa wageni kwa sababu ya hilo, mtu analipa mtandaoni akiwa Dar, anafika usiku na begi lake anaambiwa hapa hatupokei watu wa nje. Mwaka 2024 serikali yao ilitangaza kwamba hoteli zisikatae mgeni kwa sababu ya uraia wake. Tangazo ni zuri, lakini mtu wa mapokezi usiku wa manane ndiye anayeamua kama anaujua mfumo wa kuandikisha pasi au haujui, kwa hiyo mimi bado nawapeleka wateja kwenye hoteli za Xiaobei, eneo la Guangzhou, zilizozoea Waafrika, hata kama ya mtaa wa pili ni nafuu. Kuna wanaokasirika wakidaiwa pasi. Jamani, hata gesti ya Manzese inakuandikisha kwenye daftari jina, kabila, unakotoka na unakokwenda. Na ukienda kukaa kwa ndugu au rafiki badala ya hotelini, wewe au mwenyeji wako mnatakiwa kuandikisha polisi ndani ya saa 24. Msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, yale ya Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, bei za vyumba Guangzhou zinapaa na hakuna wakala atakayekufanyia muujiza. Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe, panga wiki nyingine.

Yapo mambo ambayo mimi mwenyewe siyaamui kwa urahisi. Moja ni umbali. Hoteli ya pembeni ya mji inaonekana nafuu, lakini nauli ya teksi asubuhi na jioni, na mzigo mkononi, inakula ile nafuu yote. Lakini wapo wanaotembea kwa treni ya mji bila tabu na kwao hesabu inageuka. Nikikuambia "kaa karibu na soko" nakisia kwa kukutazama tu. Jingine ni vitanda vya chumba cha watu wengi kwa wanawake wanaosafiri peke yao. Vipo vyumba vya wanawake tupu, safi, bei ndogo. Lakini mwanamke aliyebeba dola taslimu za kikundi chake cha vikoba, ninamlaza vipi na watu saba asiowajua? Siku nyingine nasema nenda, siku nyingine nasema hapana, na bado natafuta jibu. La tatu ni alama za wateja mtandaoni. Mtalii kutoka Uingereza anaishushia hoteli alama kwa sababu kuna kelele za adhana alfajiri. Wewe hilo linakuhusu nini? Nasoma maneno yenyewe, hasa ya watu waliolala humo mwezi uliopita, wanasema nini kuhusu maji ya moto, kunguni na dhamana. Hayo matatu tu.

Na una haki ya kunishuku. Kamisheni yangu ni nene zaidi kwenye chumba cha bei kubwa. Ndiyo maana nataka uisome vocha hapa mezani, kabla hujatoa hela, mstari kwa mstari, na uniulize kila usichokielewa. Wengi wanaikunja na kuitia mfukoni.

Siku ya kuondoka ndipo dhamana nyingi za taslimu zinapotelea. Ndege ni alfajiri, teksi inapiga honi, mtunza fedha hayupo, kijana wa zamu anasema droo imefungwa. Malizana nao jioni ya kabla. Shuka na risiti, waombe waje kukagua chumba usiku huohuo, chukua noti zako au karatasi yenye mhuri inayosema dhamana ya kadi imeachiwa. Ile karatasi usiitupe uwanja wa ndege. Benki yako hapa Dar wataiulizia.