Kushika miswada si kumiliki haki

Wengi huamini kwamba rafiki aliyeachiwa miswada ya mwandishi aliyeaibishwa ndiye mwenye haki ya kuichapisha. Lakini karatasi ni mali moja, hakimiliki ni nyingine. Oscar Wilde, mwandishi wa Ireland aliyefungwa Uingereza mwaka 1895, alifilisika, na hata alipokufa mwaka 1900 mapato ya kazi zake yalidaiwa na watu waliomdai. Rafiki yake mwaminifu, Robert Ross, alihangaika miaka mingi kuzikomboa kazi hizo. Ufilisi ulifutwa 1906, ndipo watoto wa Wilde wakaanza kufaidi. Huo ni uaminifu wa kupigiwa mfano!

Ukitaka kuhakiki, fungua ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, utafute alama ya ©, jina na mwaka. Kisha tazama wosia uliothibitishwa mahakamani: unamtaja nani? Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo, Uingereza 70.