Je, wajua kwa nini sheria iliyobatilishwa na mahakama bado inasomeka kitabuni?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliandikwa hivi: mwanamume aoe akitimiza miaka 18, mwanamke aolewe akitimiza 15, na mahakama ikiruhusu, hata 14. Kifungu cha 17 kikamtaka binti aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba; baba akiwa amefariki, ya mama; wote wakiwa wamefariki, ya mlezi.

Tarehe 8 Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, rufaa ikagonga mwamba katika Mahakama ya Rufani tarehe 23 Oktoba 2019. Hata baada ya hapo, miaka ilipita vifungu vikiwa vilevile.

Wengi hudhani jaji akishatamka "batili", maneno yanafutika siku hiyohiyo. Wengine wanashikilia kinyume chake: maadamu yameandikwa, yanafunga. Hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu mzazi anaweza kumwoza mtoto huku kanyoosha kidole kwenye kifungu. Ukweli ni kwamba mahakama huondoa nguvu ya kifungu, haiondoi maandishi. Maandishi ni kazi ya Bunge: muswada uletwe, ujadiliwe, upitishwe, Rais atie saini.

Chukua barabara iliyofungwa na trafiki kwa sababu daraja limebomoka. Kibao cha kuelekeza huko hakikuwekwa na trafiki, basi kinabaki palepale mpaka mwenye kibao aje aking'oe. Dereva mwenyeji anajua, anakata kona mapema. Mgeni anakifuata kibao.

Katiba ya Tanzania yenyewe imeliona pengo hili. Ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kuifuta sheria moja kwa moja, kutoa muda wa kurekebisha. Sheria huhesabiwa halali mpaka irekebishwe au muda uishe, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo kimya cha Bunge hakiongezi uhai wa kifungu hata kwa siku moja. Kinachoongezeka ni mkanganyiko.

Kenya waliuonja. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila mauaji ya kukusudia, kama kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinavyoagiza. Adhabu ya kifo yenyewe haikuguswa. Mahakama za chini zikaanza kuupeleka uamuzi huo hata kwenye wizi wa mabavu, hadi Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipolazimika kueleza kwamba ulihusu mauaji tu.

Ukitaka kujua kifungu fulani bado kina nguvu, kitabu cha sheria pekee hakitoshi. Tafuta na hukumu. Kwa Tanzania nyingi zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, kwa Kenya kwenye Kenya Law.