Je, wajua kwa nini kuba la kwanza la Hagia Sophia lilianguka?

Anayeingia Hagia Sophia, jengo la kale lililojengwa kama kanisa kule Istanbul, huamini kwa urahisi kwamba kuba lililo juu yake ni lile alilozindua Mfalme Justinian wa Bizanti mwaka 537. Silo. Lile lilidumu miaka 20 na miezi kadhaa, likaporomoka tarehe 7 Mei 558.

Wanaolijua hilo nao husema liliangushwa na tetemeko la ardhi. Hapo ni nusu ya ukweli. Tetemeko kubwa lilipiga Desemba 557, kuba likakaa na nyufa zake miezi mitano hivi, kisha likawaangukia mafundi waliokuwa wakilikarabati. Tetemeko lilikuta jengo lina kasoro tayari.

Kanisa la zamani lililokuwa mahali hapo lilichomwa katika ghasia za Januari 532. Anthemius na Isidore, wanahisabati zaidi kuliko waashi, walikamilisha jipya kabla ya miaka 6 kwisha. Chokaa kati ya matofali ilikuwa nene na haikusubiriwa ikauke vizuri, hivyo nguzo na matao yakaanza kuinama kwenda nje mapema, ujenzi ukiendelea.

Kwenda nje, si chini. Wengi hudhani uzito wa kuba hushuka wima tu, kwamba nguzo zikiwa nene basi yameisha. Chukua nusu ya ganda la chungwa, lichane kidogo kuzunguka ukingo, lifudikize mezani, ubonyeze kileleni kwa kidole. Ukingo unatanuka na michano inaachana. Kata ganda jingine liwe bapa zaidi: hilo hutanuka hata ukiligusa tu. Kuba la kwanza lilikuwa bapa mno, ingawa umbo lake kamili wataalamu bado wanalibishania, kwa kuwa limebaki katika maandishi tu. Nayo ile michano? Ndiyo madirisha 40 yanayozunguka kitako cha kuba la sasa. Yanaonekana kama udhaifu, kumbe yapo palepale ambapo nyufa zingejifungulia zenyewe.

Isidore Mdogo, wa ukoo wa yule wa kwanza, alilijenga upya akalipandisha kwa takribani mita 6 ili lipunguze kusukuma nje. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 562.

Hata hivyo, mwaka 989 upande wa magharibi ulianguka, akaitwa Trdat, fundi wa Armenia. Mwaka 1346 ikawa zamu ya mashariki. Kwa hiyo kuba la leo ni viraka: kaskazini na kusini karne ya 6, magharibi karne ya 10, mashariki karne ya 14, na ukilipima si duara kamili.

Procopius, mwanahistoria aliyeliona lile la kwanza, aliandika kwamba lilikuwa kana kwamba limening'inizwa kutoka mbinguni kwa mnyororo wa dhahabu. Siku hizi mnyororo upo kweli, ila ni wa chuma: ndugu wawili wa Fossati, wasanifu kutoka Uswisi, walilifunga nao kati ya 1847 na 1849.