Viazi vya mapema: mbio zinaanza kabla ya kupanda

Kwenye mfuko wa mbegu ya viazi mviringo utasoma "hukomaa mapema sana, siku 60 hadi 70". Mtu anapanda, anaweka alama kwenye kalenda, siku ya 60 anachimba na kukuta vitu vya ukubwa wa gololi. Anaamua kwamba kauziwa mbegu feki. Mara nyingi mbegu haina kosa, tatizo ni hesabu. Wapo wanaozihesabu siku hizo tangu kupanda, wengine tangu mmea kuchomoza, na kati ya hatua hizo mbili hupita kama wiki mbili au tatu kwenye udongo wenye joto la kadiri, mwezi na zaidi kwenye udongo wa baridi. Tena zinahesabiwa kwa mbegu iliyoandaliwa vizuri, jambo ambalo mfuko hausemi.

Mimi nashughulika na mbegu za viazi, kwa hiyo chukulieni kwamba navutia upande wangu nikisema hivi: kwa bustani ya nyumbani, hali ya mbegu siku unayoifukia ina uzito kuliko mbolea yote utakayoweka baadaye.

Lakini tuanze na aina yenyewe, maana ipo sababu ya aina moja kuwahi na nyingine kuchelewa. Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako usiku na mchana hukaribiana urefu mwaka mzima. Mmea ulizoea kutunga viazi kwenye usiku mrefu kama huo. Ulipofikishwa Ulaya karne ya 16, uliota majani tele majira ya joto yenye mchana mrefu, ukatunga viazi majira ya kupukutika majani, baridi ikiwa mlangoni. Wakulima wakawa wanabakiza mimea isiyongoja usiku mrefu, na huko ndiko zilikotoka aina za mapema. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba siri kubwa imo kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo CDF1: katika aina zinazowahi, jeni hiyo ina umbo lililobadilika, kwa hiyo mmea hupeleka chini ishara ya kutunga viazi hata mchana ukiwa mrefu.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi ya kilimo huliruka. Ukiishi karibu na ikweta, usiku wako tayari ni mrefu wa kutosha, na hata aina za kuchelewa hutunga viazi mapema kuliko zinavyofanya mbali na ikweta. Aina iliyozalishwa kwa ajili ya mchana mrefu wa kaskazini ikija kwako inaweza kuharakisha kupita kiasi: inatunga viazi ikiwa bado na majani machache, inageuka njano, inakufa, na wewe unabaki na mavuno ya kutia huruma. Kwa mtu wa huko, aina ya mapema ya kadiri ndiyo salama. Zile za mapema kabisa, kama Rocket na Swift, au za zamani kama Arran Pilot ya mwaka 1930, zinang'ara zaidi mahali penye mchana mrefu na msimu mfupi.

(Nami huwa nafurahishwa na ukoo wa Early Rose, aina ya mapema ya Kimarekani ya miaka ya 1860. Luther Burbank, mzalishaji mimea wa Kimarekani, alipanda mbegu za tunda lake (lile dogo linalofuata ua, si kiazi) mwanzoni mwa miaka ya 1870, akapata kiazi kilichobeba jina lake. Kutoka hicho ikatokea Russet Burbank, ambayo ni miongoni mwa zinazochelewa sana. Kwenye viazi, mbegu ya tunda haiahidi kufanana na mzazi.)

Sasa twende kwenye mbegu. Kiazi kikichimbwa hulala, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu, kutegemea aina na joto la ghala. Kikiamka, umri wake unaanza kusonga, na joto ndilo linalousukuma. Mbegu changa, iliyotoka tu usingizini, huota polepole, hujenga majani mengi, huchelewa kutunga viazi na mwishowe huzaa sana. Mbegu iliyopevuka huchomoza haraka, hutunga haraka, hufa mapema, huzaa kidogo. Anayetaka viazi vya mapema anataka hiyo ya pili, na anaweza kuitengeneza mwenyewe.

Chukua viazi vizima vya ukubwa wa yai la kuku. Kitazame kimoja: upande mmoja una kovu dogo, hapo ndipo kilipokuwa kimeshikamana na mama yake. Upande wa pili macho yamesongamana. Panga viazi kwenye trei za mayai, upande wa macho mengi ukiangalia juu, kila kiazi kwenye shimo lake. Viweke mahali penye mwanga lakini jua lisivichome, joto likiwa kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi. Baada ya wiki nne hadi sita utakuwa na machipukizi manene na mafupi, sentimita moja au mbili, ya kijani au zambarau kutegemea aina, yenye vinundu vidogo kwenye kitako ambavyo ni mizizi inayongoja udongo. Yakishikwa hayakatiki ovyo. Linganisha na viazi vilivyochipua ndani ya gunia gizani: nyuzi ndefu nyeupe, ukizigusa tu zinakatika. Hizo zimekula akiba ya kiazi bure.

Mbegu ikiwa bado imelala, ianze kwenye joto la nyuzi 18 hadi 20 hadi macho yafumbuke, kisha ihamishie kwenye ubaridi na mwanga. Wapo wanaoiweka siku chache pamoja na matunda yanayoiva ili gesi ya ethilini iiamshe. Inasaidia, ila usiyaache muda wote, maana gesi hiyo hiyo ikizidi hudumaza machipukizi.

Idadi ya machipukizi nayo ni uamuzi. Kila chipukizi litakuwa shina, na kila shina litatunga viazi vyake. Mashina mengi ni viazi vingi vinavyogombea chakula kimoja, navyo huchelewa kufikia ukubwa wa kuliwa. Kwa viazi vya mapema mimi hubakiza mawili au matatu yenye nguvu, mengine nayapangusa kwa kidole. Kukata mbegu vipande siipendi kwa kazi hii, maana kipande kina akiba ndogo na jeraha, na udongo wa baridi na unyevu huozesha jeraha kabla chipukizi halijafika juu.

Upo pia uzee uliopitiliza. Mbegu iliyokaa sana kwenye joto ikipandwa kwenye udongo baridi hufanya kituko: haichomozi kabisa, bali inatunga viazi vidogo vidogo chini kwa chini, moja kwa moja kwenye chipukizi, bila hata jani moja. Ukifukua mahali palipokataa kuota ukakuta kiazi mama kimesinyaa na watoto wawili watatu pembeni, hiyo ndiyo hadithi yake. Machipukizi membamba kama uzi ni dalili nyingine ya mbegu iliyochoka au yenye virusi, na hiyo usiipande.

Kupanda kwenyewe hakuna mengi. Ngoja udongo ufike angalau nyuzi 7 au 8. Panda kwa kina cha sentimita 8 hadi 10, maana udongo wa juu hupata joto haraka, halafu inulia udongo kadiri mashina yanavyopanda. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mbegu na 60 kati ya mistari inatosha kwa aina hizi ndogo. Baridi ya jalidi ikitishia baada ya kuchomoza, fukia majani kwa udongo au tandaza kitambaa chepesi usiku huo. Majani yakiungua mmea utachipua tena kutoka chini, lakini uwahi ulioutafuta utakuwa umepotea. Wenye tatizo la joto wafanye kinyume: wapande kuelekea miezi ya ubaridi na watandaze nyasi kavu juu ya tuta, kwa sababu udongo ukipita nyuzi 25 utungaji wa viazi hulegea, na karibu na 30 unakaribia kusimama.

Mboji iliyoiva, sawa. Samadi mbichi na mbolea nyingi ya naitrojeni, hapana: mmea hunoga kwa majani na kusahau viazi. Majivu nayo watu huyamwaga kwa wingi wakidhani ni baraka tupu, kumbe hupunguza uchachu wa udongo na kukaribisha ukurutu, ugonjwa wa magaga, kwenye ganda.

Maji yana wakati wake. Kiasi cha wiki mbili hadi nne baada ya kuchomoza, papasa udongo taratibu pembeni mwa shina. Utaona vikonyo vyeupe vinavyotambaa kwa ulalo, ncha zake zimejikunja kama ndoana. Ncha ikianza kuvimba nyuma ya mkunjo huo, kiazi kimezaliwa. Kuanzia hapo, kwa wiki nne hivi, udongo usikauke. Ukame wa kipindi hicho hupunguza idadi ya viazi na huongeza ukurutu, na maji ya baadaye hayarudishi kilichopotea.

Kuvuna usingoje maua, kwani aina nyingi za mapema huangusha vitumba bila kuchanua. Ingiza mkono pembeni mwa tuta, chomoa kikubwa kimoja, rudishia udongo. Ganda likitoka kwa kusugua kwa kidole gumba, ndicho kiazi kipya. Ukiwa na subira, vuna nusu ya mstari, nusu nyingine iache wiki mbili, maana kipindi hiki ndicho viazi hunenepa kwa kasi na tofauti utaiona kwenye kikapu. Chimba unachopika tu. Ganda hilo jembamba hupoteza maji haraka, na likipigwa mwanga hugeuka kijani na kujaa solanini, sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Kuhusu baka chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na viazi, aina za mapema nyingi hazina kinga nao. Husalimika kwa kuwa zimeshavunwa ugonjwa unapokolea. Ukichelewa kupanda, au ukipanda mfululizo msimu mzima, kinga hiyo ya kalenda huna tena.

Ukitaka kubakiza mbegu, chagua mimea michache yenye afya tangu ingali kijani, iwekee kijiti cha alama na usiiguse. Iache majani yakauke, kisha ngoja wiki mbili nyingine ganda likaze chini ya udongo. Kiazi kilichochimbwa kichanga hulala muda mrefu zaidi baada ya kuvunwa, na ganda lake halivumilii ghala. Na kwa kuwa virusi hujilimbikiza kutoka mbegu hadi mbegu, mavuno yakianza kushuka bila sababu ya hali ya hewa, tafuta mbegu mpya iliyothibitishwa.